Dawa ya Kutu ni Kutu

Mwaka 1154, huko Sisili, mwanajiografia Al-Idrisi alikamilisha kitabu kikubwa cha ramani na maelezo ya dunia kwa amri ya Mfalme Roger wa Pili. Al-Idrisi hakuwahi kukanyaga pwani yetu. Aliandika aliyoyakusanya kutoka kwa wasafiri na kutoka kwa vitabu vya waliomtangulia. Akifika kwenye nchi ya Wazanji, anautaja mji wa Malindi. Anasema watu wake ni wavuvi na wawindaji, na kwamba wana machimbo ya chuma wanayoyafanyia kazi wenyewe. Chuma, anasema, ndiyo biashara yao na ndilo pato lao kubwa kuliko yote.

Mimi hufundisha historia katika shule ya upili hapa Kilifi, na kila mwaka nikifika kwenye habari hiyo huulizwa swali lile lile: “Sasa, mwalimu, hicho chuma kiko wapi?” Ni swali la haki. Mji uliotajirika kwa pembe unaweza usiache pembe hata moja, kwa kuwa zote zilisafirishwa. Lakini wafua chuma wa karne nzima nzima wangepaswa kuacha majembe, visu, misumari, mikuki na nyundo kila mahali. Nenda Makavazi uvitafute. Utavipata vichache mno.

Wapo wanahistoria waliotia shaka kama Malindi ya Al-Idrisi ndiyo hii Malindi yetu, au ni mji mwingine wa kaskazini, pengine Manda. Hoja hiyo ina uzito wake na sitaipuuza. Lakini hata ukiuhamisha mji, chuma kinabaki pwani hii hii. Swali la wanafunzi wangu halihami.

Jibu nililolipata baada ya miaka ya kusoma na kuuliza liko ndani ya kutu. Ili nilieleze inabidi nianzie Gede, nipitie kwa mhunzi, niende hadi Sheffield na Marekani, kisha nirudi Rabai kwenye mitambo ya stima. Nivumilie msomaji, njia ni moja tu.

*

Gede, kilomita chache kutoka Watamu, ilianza kuchimbuliwa kwa utaratibu na James Kirkman kuanzia mwaka 1948. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ukizungushwa pale na waongozaji wetu utaambiwa juu ya vyombo vya kauri vya Uchina vya enzi ya Ming, shanga za Venisi, taa ya chuma kutoka India na mkasi kutoka Hispania. Yote ni kweli. Lakini angalia orodha hiyo: kila kitu kimetoka kwingine. Mgeni anaondoka akiamini kwamba watu wa Gede walikuwa wanunuzi hodari, watu wa kukaa barazani wakingoja jahazi lilete vitu.

Jambo kama hilo lilitokea Mambrui, kaskazini kidogo ya mdomo wa Mto Sabaki. Mwaka 2010 wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Peking pamoja na wenzao wa Kenya walipata pale sarafu ya Uchina ya enzi ya Mfalme Yongle, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15. Habari ya sarafu hiyo ilizunguka dunia. Katika machimbo hayo hayo kulikuwa na mabaki ya kazi ya chuma, lakini ni wangapi waliosikia? Sarafu ina maandishi na jina la mfalme. Mavi ya chuma hayana jina la mtu.

Sasa fikiri kama fundi. Kauri ni udongo uliochomwa, na shanga ni mchanga ulioyeyushwa. Vyote viwili vimeshapita motoni na hewa haina la kuvifanya. Vizike Gede miaka 600, vioshe, vitang’aa. Lakini chuma kikizikwa katika ardhi ya pwani, yenye mvua, joto na chumvi ya bahari, huanza kurudi kilikotoka siku ile ile. Oksijeni na maji hukigeuza kuwa kutu. Chembe za chumvi huingia ndani ya kutu hiyo na kuizuia isitulie, hivyo kazi ya kuoza inaendelea. Hata baada ya kuchimbuliwa, chuma cha namna hiyo hutoka vijasho vya rangi ya kahawia kikiwa kabatini na kupasuka chenyewe, kama hakikulowekwa kwanza na kutolewa chumvi.

Kwa hiyo kilichobaki ardhini si kipimo sawa cha walichokuwa nacho wazee wetu. Ardhi imekuwa kama mhariri mwenye upendeleo: vya wageni kavihifadhi, vya wenyeji kavifuta. Kauri za Uchina zipo, na jembe lililolima mtama uliolishwa mji wote limebaki doa jekundu mchangani. Kisha sisi tukaja tukasoma tulichoachiwa tukasema, aa, watu hawa walikuwa wafanyabiashara tu.

*

Hata hivyo kipo kitu kimoja cha kazi ya chuma ambacho ardhi imeshindwa kukila, nacho ni uchafu wake.

Kiswahili kina neno la wazi kwa uchafu huo: mavi ya chuma. Hutoka hivi. Mfua chuma wa zamani alijenga tanuri la udongo, akalijaza makaa na mawe au mchanga wenye madini ya chuma, akapuliza kwa mivukuto kupitia mirija ya udongo. Madini ya chuma, tukiyatazama vizuri, ni kutu ya asili: chuma kilichoshikana na oksijeni tangu zamani za mbali. Makaa yakiungua kwa hewa pungufu hutoa gesi ambayo ina njaa ya oksijeni. Gesi hiyo huipokonya kutu oksijeni yake, na chuma kikabaki peke yake. Kuyeyusha chuma kwa namna ile, basi, ni kuirudisha kutu nyuma.

Tanuri la namna hiyo hufika kama nyuzi 1,200 za Selsiasi. Chuma chenyewe huyeyuka karibu na 1,540, kwa hiyo hakimiminiki kama maji. Hujikusanya kuwa bonge lenye matundu kama sifongo. Kinachoyeyuka ni mawe na mchanga vikichanganyika na sehemu ya chuma iliyokataa kuachana na oksijeni. Mchanganyiko huo hutiririka chini ya tanuri na kuganda mweusi, mzito, wenye mapovu. Bonge hupelekwa kwenye fuawe likafuliwa likawa jembe, na yale mavi hutupwa.

Jembe limeoza. Mavi yapo hadi leo, kwa sababu chuma kilichomo ndani yake kimeshashikana na oksijeni na mchanga, hakina tena cha kupoteza. Kilichokwisha kuungua hakiungui mara ya pili.

Mtafiti aliyeyachukulia mavi haya kwa uzito ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya ambaye tangu miaka ya 1980 amechimba Mtwapa na mahame mengine ya pwani. Mwaka 1993 alikamilisha tasnifu ya udaktari kuhusu kazi ya chuma katika pwani ya Kenya, akiunganisha machimbo na mazungumzo na wahunzi walio hai. Kule Galu, kusini ya Mombasa, kulipatikana mabaki ya uyeyushaji wenyewe. Mwaka 1994 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa vipande vya chuma vya mahame yetu vilivyokatwa na kutazamwa kwa hadubini. Walikuta chuma cha matanuri ya kienyeji, na vilevile chuma cha pua chenye kaboni nyingi, kilichoyeyushwa chunguni. Baadhi kilitoka ng’ambo. Yaani watu hawa walitengeneza na pia walinunua, wakijua tofauti ya chuma na chuma.

Tukirudi nyuma zaidi, picha inazidi kuwa wazi. Kitabu cha mabaharia cha karne ya 1 kiitwacho Periplus kinasema wafanyabiashara wa Muza, Yemeni, walileta pwani ya Azania mikuki, mashoka, visu na mashazia. Wakati huo tulikuwa wanunuzi. Miaka 1,100 baadaye Al-Idrisi anasema chuma cha Sofala kinabebwa kwenda India na kusifiwa huko kwa usafi na ulaini wake, na Malindi inaishi kwa chuma. Katikati ya tarehe hizo mbili, watu walijifunza kazi. Hakuna sarafu wala kauri iliyoandika habari ya kujifunza huko. Yameiandika mavi.

*

Mwaka juzi nilienda kwa mhunzi mmoja mzee, njia ya Kaloleni. Siku hizi hayeyushi madini, hakuna anayeyeyusha. Anafua mapanga na majembe kutoka springi za gari. Akikitoa chuma motoni chekundu na kukigonga, vilitoka vipande vyembamba vyeusi vikaruka na kulala chini kama magamba ya samaki.

“Mzee, haya ni nini?” nikamuuliza.

“Hayo moto umekula,” akasema. “Moto ni kanjo, mwanangu. Ukipita lazima uache kitu.”

Nilicheka, lakini alikuwa amenipa somo zima. Chuma kikiwa baridi hula kutu polepole kwa msaada wa maji. Kikiwa chekundu hakihitaji maji. Oksijeni ya hewani inatosha. Juu ya nyuzi 570 hivi, gamba linalojenga juu yake huwa na matabaka matatu, na lile la ndani kabisa ndilo nene kuliko yote na ndilo limejaa nafasi tupu. Chembe za chuma hupenya katika nafasi hizo zikitoka nje kuikuta oksijeni, kama watu wanaotoka katika nyumba isiyo na milango. Gamba hunenepa, hupasuka, huanguka, na chuma kipya hubaki uchi mbele ya moto. Kirudishe motoni mara 20 na utaona panga limepungua.

Mzee akaniambia babu yake, alipotaka kuunganisha vipande viwili vya chuma motoni, alikuwa akinyunyizia mchanga safi mahali pa kuungia. Mchanga ulikutana na gamba, vikayeyuka pamoja vikawa kama kioo cha maji, kikakifunika chuma hewa isikifikie, na nyundo ilipopiga, kioo kikaruka nje na chuma kikashikana. “Kwani mchanga ulikuwa unafanya nini?” nikauliza. “Ulikuwa unakivisha nguo,” akajibu.

Weka neno hilo akilini, nguo. Wahandisi wa karne ya 20 waliitafuta nguo hiyo hiyo, ila wao walitaka chuma kijivike chenyewe.

*

Mwaka 1821 Mfaransa Pierre Berthier aliona kwamba chuma kilichochanganywa na kromiamu kinastahimili asidi. Aloi yake ilikuwa ngumu ya kuvunjika ovyo, haikufaa kazi. Mwaka 1906, Marekani, Albert Marsh alipata hataza ya waya wa nikeli na kromiamu. Unaujua waya huo: ndio ule wa jiko la stima la kozi, unaowaka mwekundu saa nzima na kesho unawaka tena. Weka waya wa chuma cha kawaida mahali pake na hautadumu. Mwaka 1913, Sheffield, Harry Brearley alitengeneza chuma chenye kromiamu kama asilimia 13, akiwa anatafuta mitutu ya bunduki isiyoliwa haraka na joto na baruti. Hicho ndicho kizazi cha sufuria na vijiko tunavyoviita stenlesi.

Tunasema hakishiki kutu. Jina linadanganya. Kinashika kutu, tena haraka kuliko chuma cha kawaida, ila kutu yake ni ya kromiamu: utando mwembamba usioonekana, umeshikana sana, hauna nafasi za chembe kupenya. Kutu hiyo ikishajenga hujifungia mlango yenyewe. Wazee husema dawa ya moto ni moto. Hapa dawa ya kutu ni kutu.

Hesabu yake ilikuja hatua kwa hatua. Mwaka 1920 Gustav Tammann alionyesha kwamba utando mzuri hukua kwa mwendo unaopungua. Mwaka 1923 Pilling na Bedworth walieleza kwamba kutu ikichukua nafasi ndogo kuliko metali iliyoizaa, haitoshi kufunika. Mwaka 1933 Carl Wagner akaeleza sababu ya mwendo ule wa Tammann: chembe zinapita ndani ya utando wenyewe, na utando ukinenepa njia inakuwa ndefu. Kwa lugha ya nyumbani: kama unene wa kwanza ulichukua siku 1, mara mbili ya unene huo itachukua siku 4, na mara tatu siku 9. Kila siku kutu inachoka zaidi. Hiyo ndiyo maana ya nguo nzuri.

Hesabu hizo zilipata kazi kubwa ilipokuja tabaini ya gesi, mtambo unaovuta hewa, kuisindika, kuichoma na mafuta, na kuiacha hewa hiyo ya moto isukume mapanga yanayozunguka kwa kasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, kwa ajili ya injini za ndege za Frank Whittle, Waingereza wa kampuni ya Mond Nickel walitoa aloi ya nikeli yenye kromiamu kama asilimia 20 wakaiita Nimonic. Chuma cha kawaida kingekuwa magamba tupu kwa saa chache. Nimonic ilisimama.

Kisha watu wakaona moshi unaotoka kwenye tabaini bado una joto kali, na kuutupa ni hasara. Wakatengeneza kifaa cha kurudisha joto: mabati membamba mengi, moshi wa moto ukipita upande mmoja na hewa inayoingia upande wa pili, joto likihama bila hewa hizo kuchanganyika. Katika tabaini ndogo, bati hilo linaweza kuwa na unene wa sehemu 1 ya 10 ya milimita, kama karatasi. Hapo ndipo hadithi ya nguo inapopata mtihani. Moshi wowote wa mafuta una mvuke wa maji ndani yake. Mvuke huo, katika joto kali, huugeuza utando wa kromiamu kuwa hewa kidogo kidogo na kuondoka nao. Bati hulazimika kushona nguo mpya kutoka katika kromiamu iliyobaki ndani yake. Akiba haiozi, tunasema. Lakini akiba ya karatasi ni ndogo. Kromiamu ikipungua kupita kiasi, chuma kilichokuwa nyuma kinapata mwanya, gamba jekundu linafumuka, na mtambo ulioonekana mzima jana leo umetoboka.

*

Turudi nyumbani sasa, maana habari hii haikubakia Ulaya.

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano lililosimama baharini kaskazini ya Malindi, roketi ya Scout iliondoka na setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kutazama miale ya eksirei angani. Ilikuwa siku ya kutimiza miaka 7 ya uhuru wa Kenya, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Watu wa Ngomeni wanaikumbuka hadi leo. Ni fahari kweli. Lakini roketi ni moto wa dakika chache: metali yake inatakiwa istahimili muda huo tu, kisha kazi imekwisha. Kazi ngumu zaidi ni ya moto usiozimwa, unaowaka usiku na mchana miaka 20.

Moto wa namna hiyo uko Rabai, ndani ya Kaunti ya Kilifi, pale pale ambapo wamishenari Krapf na Rebmann walijenga makao yao miaka ya 1840. Tangu mwaka 2010 kuna kituo cha stima cha megawati 90, chenye injini kubwa zinazochoma mafuta mazito, yale mabaki meusi ya kiwanda cha kusafishia. Moshi wa injini hizo hautupwi hivi hivi: hupitishwa kwenye mabomba ya maji, maji yakawa mvuke, na mvuke ukazungusha tabaini inayoongeza stima. Na kule Kipevu, Mombasa, kando ya maji ya chumvi, kulikuwa na tabaini mbili za gesi za megawati 30 kila moja zikichoma mafuta ya taa, kabla hazijahamishiwa Muhoroni mwaka 2016.

Mafuta mazito yana salfa na yana vanadiamu, na pwani huongeza chumvi. Vikikutana motoni huzaa chumvi nyingine zinazoyeyuka katika joto dogo kuliko unavyodhani. Oksaidi ya vanadiamu huyeyuka chini ya nyuzi 700, na ikichanganyika na sodiamu ya chumvi huyeyuka mapema zaidi. Sasa kumbuka ule mchanga wa babu wa mhunzi, uliolikuta gamba ukaliyeyusha. Ndicho kinachotokea hapa, ila kwa ubaya. Kioevu hicho hulamba nguo ya kromiamu na kuiyeyusha, na metali inabaki uchi ndani ya moto. Jambo ambalo mhunzi alilifanya kwa makusudi kwa dakika moja, mtambo unafanyiwa bila kutaka kila saa. Kwa hiyo mafuta huoshwa kwa maji ili chumvi itoke, joto la valvu za kutolea moshi huchungwa lisipande, na valvu zenyewe, katika injini za aina hii, mara nyingi hutengenezwa kwa Nimonic, ile ile aloi iliyozaliwa kwa ajili ya ndege za vita.

Nasema haya kwa sababu ya namna tunavyosimuliana. Kijana wa Rabai akiajiriwa kusafisha mabomba yale, huambiwa hii ni teknolojia ya kigeni, we shika brashi. Aloi ni ya kigeni, sawa, imepigwa mhuri wa kwao. Lakini lile gamba analolikwangua si geni hapa. Watu waliosimama kando ya matanuri Galu, Mambrui na Mtwapa walilijua kwa majina, walijua linakuja lini, linazuiwaje, na mchanga wa kiasi gani unalitoa. Walikuwa wakipambana na jambo moja na wahandisi wa leo: oksijeni inataka chuma chake, nasi tunaomba muda.

Ujuzi huo haukufa kwa uvivu. Malindi ilififia baada ya Wareno kuhamishia nguvu zao Mombasa katika miaka ya 1590, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu na kumweka mtawala wa Malindi kule. Na katika Afrika Mashariki yote, chuma rahisi kutoka viwanda vya Ulaya kilipojaa masokoni katika karne ya 19 na mwanzo wa 20, tanuri moja baada ya jingine lilizimwa. Kwa nini uchome makaa ya msitu mzima upate bonge moja, na dukani kuna jembe? Mhunzi akabaki, myeyushaji akaondoka. Jaribuni, huko Ganze, mawe ya chuma bado yanachimbwa, ila siku hizi yanaenda kuchanganywa katika saruji.

Saruji yenyewe inaenda wapi? Inaenda kwenye viwanja. Kutoka Mtwapa hadi Mambrui ardhi inapimwa, inauzwa, inasawazishwa, na tingatinga likipita juu ya chungu la mavi ya chuma hakuna anayesimama. Kigae cha kauri kikitokea, angalau mtu ataokota amwonyeshe mwenzake, kwa kuwa kinang’aa. Jiwe jeusi lenye mapovu hupakiwa na kifusi. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inalinda vitu vya kale, lakini sheria haina macho; macho ni ya yule aliyeshika jembe au usukani.

Kwa hiyo nakupa alama zake, msomaji unayeishi pande hizi. Ni zito kuliko jiwe la ukubwa huo. Ni jeusi au la kijivu, limeganda kama uji uliomwagika, na mara nyingine unaona njia lilipotiririka. Ndani lina matundu ya mapovu. Pengine karibu yake kuna vipande vya mrija wa udongo vilivyogeuka kioo upande mmoja, upande uliokuwa motoni. Ukiyaona, yaache hapo hapo yalipo, maana mahali pake ni nusu ya habari yake, kisha peleka taarifa kwa watu wa Makavazi, Gede au Malindi. Wanafunzi wangu waliuliza chuma kiko wapi. Kingi kimekwisha kuwa udongo, lakini risiti yake ipo, imetupwa uwanjani, na mvua ya pwani haijaweza kuifuta.